Binti wa Kwenye Bango

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kwanza, maana nikiyatanguliza yale mengine nitasahau hata adabu. Mimi ni mzima. Kifua kilinibana kidogo kwa vumbi la barabara wanayoichimba mbele ya nyumba tunayopanga, lakini sasa kimeachia. Wewe hujambo? Kaka anaendeleaje na mgongo wake? Mwambie nimesema asibebe tena mifuko ya saruji hata akiahidiwa ufalme, na akikubishia mfichie viatu. Mama je, kidonda cha mguu kimepungua? Na hao wanangu, yule mkubwa ameacha kung'ata kucha? Mdogo mwambie shangazi yake hajamsahau, zile rangi za kuchorea zitakuja, asininunie.

Barua hii nimempa mama mpangaji wa chumba cha pili, anakuja huko kumwona dada yake aliyejifungua. Nimemsihi akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, si kaka wala mama. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Najua utasema, wifi huyu naye, simu anayo halafu anaandika barua kama watu wa zamani. Nilipiga, wifi. Juzi nilipiga nikiwa nimejipanga, maneno yote nimeyashika kichwani, wewe ukapokea kwa vigelegele, ukaweka sauti ya juu ili watoto wasikie, ukawaambia, "Mwamkieni muuguzi!" Wakaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikauliza kama mvua imenyesha, nikakata. Ndiyo maana naandika. Karatasi haipigi vigelegele.

Nataka nikueleze habari za chuo tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajawahi kunisikia nikizisimulia. Kila nilipokuja likizo nilikuwa nawachagulia vipande vitamu tu, vile vya kuchekesha, na vingine naviacha huku huku.

Chuo kiko ghorofani, juu ya duka la mabati. Mteja akinunua mabati, vijana wa dukani wanayashusha kwa kelele mpaka mwalimu ananyamaza na chaki yake mkononi. Tulikuwa tukisema kwamba moyo wa binadamu unasubiri kwanza mabati yapite, ndipo uendelee kusukuma damu. Siku ya kwanza tulikuwa wengi kiasi kwamba wengine walikaa kwenye vizingiti vya madirisha. Mkuu wa chuo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kufungua chuo chake, alitutazama akasema taifa la wagonjwa linatusubiri. Tulipiga makofi. Mimi nililia, usinicheke.

Baada ya hapo yakaanza malipo. Ada mnaijua, maana ilipita mikononi mwenu kabla ya kufika kwangu. Lakini ada ilikuwa mlango tu. Kulikuwa na pesa ya sare, na sare hairuhusiwi kushonwa nje, ni lazima ununue pale pale, kwa hiyo ile uliyonishonea kwa mikono yako nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Hilo sikukuambia. Kulikuwa na pesa ya maktaba, na maktaba ni kabati moja lenye kufuli. Kulikuwa na pesa ya maabara, na maabara ni mdoli mmoja wa mazoezi, mkono wake wa kulia umekatika, tukampa jina la Bibi Mvumilivu. Darasa zima tulijifunza kuchoma sindano kwenye mkono wake wa kushoto mpaka ukawa laini kama sifongo. Tukitaniana tulisema akija mgonjwa mwenye mikono miwili tutachanganyikiwa.

Kila muhula darasa lilipungua. Mtu anaitwa nje katikati ya mtihani kwa sababu hajamaliza kulipa, anachukua kalamu yake, anatoka, humwoni tena. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja alitolewa hivyo, na ndiye aliyekuwa akinielekeza hesabu za dozi. Mpaka tunamaliza tulikuwa hatufiki nusu. Wanaobaki si wenye akili zaidi, wifi. Ni wenye ndugu. Mimi nilikuwa na kaka, na kaka alikuwa na wewe.

Kisha likaja suala la hospitali, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo mambo yote yalipokwama. Ili mtu aruhusiwe kufanya mtihani wa baraza la wauguzi, lazima awe ametimiza muda fulani wa mafunzo wodini, na muuguzi wa zamu amsainie. Bila mtihani wa baraza hupati leseni, na bila leseni hakuna hospitali itakayokuajiri, hata uwe na cheti cha chuo chenye dhahabu pembeni. Chuo chetu kilikuwa na makubaliano na hospitali moja tu, na hospitali hiyo hiyo ilikuwa imekubaliana na vyuo vingine vitatu. Tulikuwa tunazunguka kitanda kimoja kama watu wanaoshangaa ajali. Walio mbele wanaona kidonda, walio nyuma wanaona migongo. Rafiki yangu yule mrefu, tuliyekuwa tukimwita Mnazi, ndiye aliyekuwa akitutangazia kinachoendelea, sasa anasafisha, sasa anafunga. Wauguzi wenyewe walikuwa wachache na wamechoka. Wakituona asubuhi walisema, nyie nusu bakini, nusu nendeni mrudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, zamu yetu wamepewa wa chuo kingine.

Lakini nisikudanganye kwamba sikujifunza kitu. Kulikuwa na mzee mmoja fundi viatu aliyeungua mguu, muuguzi aliniachia nimfunge bandeji asubuhi kadhaa. Siku ya kwanza alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda kabla hata sijamgusa. Siku za mwisho alikuwa akinisimulia visa vya wateja wake wakorofi huku nafungua bandeji, hatazami hata ninachofanya. Siku aliyoruhusiwa aliniuliza, "Binti, utakuwepo nikirudi kuangaliwa?" Nikamwambia nitakuwepo. Alirudi, nilisikia, lakini siku hiyo ilikuwa zamu ya chuo kingine. Nakusimulia hili ili ujue kwamba kazi yenyewe ni nzuri, wifi. Ubaya hauko kwenye kazi.

Mahafali mliyaona wenyewe. Mama alivaa lile gauni la kijani, kaka akaomba kipaza sauti ambacho hakupewa. Wiki chache baadaye tukaenda kujiandikisha kwa mtihani wa baraza, tukaambiwa muda wetu wa wodini hautoshi. Karibu darasa lote. Tulirudi kwa mkuu tumenuna, akatupokea vizuri, akatupa chai, akasema ni mambo ya kawaida, tutapangiwa mafunzo ya ziada. Mafunzo ya ziada nayo yanalipiwa. Mnazi alilipa, tena mjomba wake ni mtunza stoo wa hospitali, akamwombea nafasi wodini, akatimiza, akafanya mtihani, akafaulu. Sasa yuko wodi ya wazazi, na mimi nafurahi kwa ajili yake, au tuseme nafurahi siku nyingi. Sisi wengine hatukuwa na mjomba stoo. Na wakati huo ndipo mgongo wa kaka ulipogoma, mkaanza kuishi kwa cherehani yako. Ningewezaje kunyoosha mkono tena?

Nilizunguka kutafuta kazi. Zahanati, nyumba za wazee, maduka ya dawa. Matroni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alinijaribu kwa kumpima mgonjwa presha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba leseni. Nilipomwambia sina, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mikono yako naitaka, lakini siwezi kukuandika popote. Siku mgonjwa akidhurika tutafungwa wote wawili." Alinisindikiza hadi getini. Afadhali angenifukuza.

Ndipo mkuu wa chuo akaniita. Aliyekuwa akikaa mapokezi ameolewa, akaniuliza kama nitaweza kupokea simu na kujibu ujumbe wa watu wanaoulizia kozi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Akacheka, akaniambia, "Hongera, sasa una ajira katika chuo cha afya." Nilidhani ni mzaha.

Niliwapigia nyumbani nikasema nimepata kazi. Kaka akauliza, hospitali gani? Nikasema, mambo ya afya, karibu na hospitali. Uongo si uongo, kweli si kweli. Mama alikuwa ameshaanza kushukuru kwa sauti, mimi ningesema nini katikati ya shukrani za mtu mzima?

Halafu likaja bango. Mpiga picha aliletwa, nikavalishwa koti jeupe la mkuu mwenyewe, likabanwa mgongoni kwa pini kwa sababu ni kubwa, nikawekewa kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, nikaambiwa nitabasamu kama nimemwona mgonjwa aliyepona. Nilimfikiria yule fundi viatu, picha ikatoka vizuri sana. Sikujua kama watalipeleka mpaka huko kwenu, pale njia panda. Na sikujua kuhusu yale maandishi ya chini mpaka nilipoyasoma kama wewe ulivyoyasoma, kwamba wahitimu wetu tisa kati ya kumi wana kazi.

Nilimuuliza mkuu, hao tisa ni akina nani? Akanihesabia bila kukwepa. Yule anayeuza vocha mbele ya geti la hospitali, huyo yuko katika mazingira ya afya. Yule anayemwogesha bibi wa tajiri fulani, huyo ni mhudumu wa nyumbani. Yupo anayefagia duka la dawa. Mnazi yumo. Mimi nimo. Mmoja ameolewa na mtaalamu wa maabara, na huyo naye sijui aliingiaje, labda kwa mlango wa nyuma. Waliotolewa kwenye mtihani kwa kukosa ada hawahesabiwi kabisa, maana hao si wahitimu. Ukipigia hesabu hivyo, wifi, hata chuo cha kuruka angani kitajaza wanafunzi.

Tangu hapo kazi yangu ni ile meza. Majibu yamechapwa na kubandikwa ukutani, mtu akiuliza hiki unamjibu hivi. Akiuliza umri, mwambie umri si kikwazo. Akiuliza ada, mtajie ya muhula wa kwanza tu, mengine ataelezwa akifika. Akiuliza ajira, mwambie tisa kati ya kumi. Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwa kusitasita. Baadaye nikazoea, na kule kuzoea ndiko kulikonitisha. Wengi wanakuja na nyaraka zao kwenye mfuko wa plastiki, na wazazi wao nyuma, wakiniona mapokezi wananinong'onezea kwa furaha, "Si wewe wa kwenye bango?" Ndiyo, ni mimi. Wazazi wananishika mkono kana kwamba nitawapa dawa.

Sasa wifi, kaa chini kama umesimama.

Jumanne wiki iliyopita ujumbe uliingia kwenye simu ya chuo. Niliijua namba kabla sijasoma neno, maana ndiyo namba yako. Uliandika kwa adabu, "Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Ninamuuguza mkwe wangu kidonda na watu wanasema mkono wangu ni mwepesi. Je, umri wangu unaruhusu kusomea uuguzi?"

Mkuu alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Wiki hiyo wanafunzi wapya walikuwa wachache, kodi ya jengo imefika, kwa hiyo alikuwa akisoma kila ujumbe pamoja nami, miwani puani, akigonga meza kwa kidole. Nikaandika umri si kikwazo.

Ukauliza kama wanaomaliza wanapata kazi kweli. Nikaandika tisa kati ya kumi.

Halafu ukakaa kimya, nikaomba Mungu uwe umeahirisha. Kumbe ulikuwa unaandika ujumbe mrefu. Nimeusoma mara nyingi mpaka umeingia kichwani. Uliandika, "Samahani kuwasumbua. Kuna binti kwenye bango lenu, ni wifi yangu. Sitaki kumuuliza mwenyewe asije akadhani namchunguza. Naomba tu kujua kama ni mzima huko kazini kwake na kama wanamtendea vizuri. Akipiga simu anacheka, lakini sauti yake si ya mtu mwenye raha."

Wifi, mimi nilikuwa na vidole juu ya simu, na mkuu akasoma, akaguna kwa huruma kabisa, akasema, "Mjibu mtu, anakupenda huyo." Nikasubiri anyanyuke, hakunyanyuka. Kwenye ukuta hapakuwa na jibu la swali lile. Akanisomea yeye, neno kwa neno, nami nikaandika, "Mhitimu wetu huyo anaendelea vizuri na anaifurahia kazi yake. Karibu nawe ujiunge nasi."

Ukajibu, "Asanteni sana, sasa nimetulia." Ukaomba namba ya kulipia. Ukasema uvumiliwe siku mbili uuze cherehani.

Aliyekujibu ni mimi. Hakuna mshauri wa wanafunzi, hakuna ofisi ya ajira, yote ni mimi kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Jioni ile nilitoka nikiwa na nia ya kukupigia nikiwa njiani. Nikasema nifike kwanza nyumbani. Nyumbani nikasema nikishapumzika. Siku zikapita, na nilipopiga, hiyo juzi, tayari pesa ilikuwa imeingia, na wewe ukanipokea kwa vile vigelegele, ukaniambia una jambo la kunishangaza lakini hutaniambia mpaka nikuone kwa macho. Jambo lenyewe nalijua, wifi. Utapanda ngazi za ile ghorofa na begi lako, utanikuta mapokezi.

Nilikwenda kwa mhasibu kuomba pesa yako irudishwe. Akanionyesha maneno madogo nyuma ya risiti, kwamba malipo ya usajili hayarudishwi. Nikaenda kwa mkuu, nikafunga mlango, nikamwambia huyo wifi yangu fundi cherehani ndiye aliyenisomesha, hana kingine. Sikumwona kama shetani, ningependa kukuambia ni shetani lakini siyo. Alisema, "Nikikuambia nitairudisha nitakuwa nakudanganya. Imeingia asubuhi, imetoka mchana, mwenye jengo amekuja kuichukua." Nikamwambia basi naacha kazi. Hapo ndipo aliponitazama vizuri, akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Ukiacha, kesho nitamweka mwingine. Wahitimu wasio na kazi ninao wengi."

Nilirudi mezani. Simu ilikuwa inaita, nikaipokea.

Ndivyo ilivyo, wifi. Nimefikiria kukukopea pesa nikununulie cherehani nyingine, lakini sina wa kunikopesha, na mshahara wangu ukitoa kodi na dawa za mama hauwezi kununua hata pedali. Nimefikiria kwenda kushitaki barazani, lakini baraza walishaniambia kosa ni langu, nisingejiunga bila kuuliza. Nimefikiria kumwambia kaka, lakini kaka atapanda gari aje kupigana, na kwa mgongo ule atabebwa na machela. Kila mlango nimeugusa kwa mkono.

Nakuomba usije. Usajili umepotea, uache upotee peke yake, usiufuate na mengine. Najua kuna uwezekano hutaniamini. Pengine utasema wifi hataki na mimi nivae nyeupe, anataka awe muuguzi peke yake katika ukoo. Nitakuelewa. Mimi mwenyewe ningeambiwa na mtu wa kwenye bango, ningeamini bango.

Ulisema kwenye ule ujumbe kwamba sauti yangu si ya mtu mwenye raha. Katika wote, mama, kaka, marafiki, ni wewe tu uliyesikia. Nashindwa kukushukuru kwa sababu kushukuru kwenyewe kunaniaibisha.

Msalimie mama, umbusu badala yangu, na maji ya chumvi kwenye kidonda yawe vuguvugu tu, yasiwe ya moto. Msalimie kaka, mwambie barua ilikuwa ya mambo ya wanawake, hataomba kuisoma. Wabusu watoto. Salamu kwa majirani wote wanaoniulizia, isipokuwa wale wanaotaka kujua chuo kinapokea lini wanafunzi wapya; hao waambie hujui.

Na wewe ukiwa na swali lolote, niandikie hapa, kwa mkono wa huyo mama mpangaji, atakaporudi. Usiulize tena kwenye ile namba ya chuo. Ukiuliza kule nitakujibu mimi, na nitakuambia kwamba kila kitu ni kizuri.

Ni mimi,
wifi yako anayekupenda